Pua ya Bukuru

Pacha wangu hupika mawese kwa pua.
Hana saa, hana kipimo. Huinama juu ya pipa,
hunusa mara moja, husema, "Toa kuni,"
na wanunuzi wa Mwandiga humwamini
kuliko mizani ya chuma.

Mwezi ule wa ndoo na sabuni kila mlango
mafuta yaliungua, moshi ukajaa uani,
watoto wa jirani wakatawanyika wakikohoa,
naye kasimama palepale, mwiko mkononi,
anauliza, "Mbona mnakimbia?"

Hivyo ndivyo tulivyojua.
Si homa. Homa tuliisingizia malaria.
Ni pua. Pua ilihama bila kuaga,
ikaondoka na ulimi.

Nikamlaza chumba cha nyuma, dirisha wazi.
Nikafanya waliyofanya wote mwaka ule:
mkaratusi, mchaichai, majani ya mwarobaini,
blanketi zito, sufuria inayofoka.
Limau moja lilifika bei ya fungu zima la dagaa.
Nilinunua. Nani angethubutu kutonunua?
Akatoka mle ndani amelowa, macho mekundu:
"Butoyi, nimeshapikwa. Sasa mimi nile nini?"

Muuguzi Ntakije wa zahanati
alisimama nje ya ua, barakoa ya kitenge usoni:
"Mvuke haumshibishi mtu.
Apate samaki, maharage, matembele,
papai likiwepo. Na maji, maji.
Hata asiposikia ladha, ale.
Mwili unajua kula gizani."

Kula gizani. Neno hilo nililishika.
Nikawa naweka bakuli kizingitini,
nagonga, narudi nyuma hatua sita,
nasikiliza kijiko.
"Leo ni nini?"
"Mgebuka wa mawese."
"Mwongo. Ni pamba."
"Basi meza pamba."

Sasa nikiri, maana ndimi mdogo,
niliyemfuata duniani kwa robo saa.
Hapakuwa na mgebuka.
Fedha ziliishia kwenye malimau.
Kule Kibirizi niliokota dagaa wa chini ya turubai,
waliovunjika, wenye mchanga, walionyeshewa siku mbili,
wale tunaowauzia wafugaji wa kuku.
Nikawaosha mara nne,
nikawakaanga mpaka wakanyamaza,
nikawafunika kwa mawese yake mwenyewe, yale yaliyoungua,
nikauachia ugali wa muhogo kazi ya kuficha.
Yai la tetea wetu nilimpa yeye, hilo Mungu anajua,
mimi nikala ukoko.
Lakini wale dagaa niliwaita mgebuka,
siku baada ya siku, kwa sauti ya mtu mkweli.
Ulimi uliozimika utamshitaki nani?

Siku ya kumi na tisa
nikaweka, nikagonga, nikarudi hatua sita.
Kijiko hakikulia.
Moyo ukanishuka mpaka kwenye ndala.
Kuku wakapita. Bodaboda ikapita.
Nikawa nachagua maneno ya kumwambia mama.

Kisha mlango ukafunguka upana wa kiganja,
bakuli likasukumwa nje kwa mguu,
na sauti, kavu kama gunzi:

"Butoyi, huna haya!
Dagaa hawa wanavunda.
Na haya mafuta ni yangu, na yameungua.
Tangu lini unanilisha hivi?"

Nilikaa chini, kwenye vumbi,
nikacheka kwa kelele hata majirani
wakachungulia wakidhani ni msiba.
Akautukana ukoo wetu wote,
akasahau kwamba ni wake pia.

Nikamwambia endelea, dada.
Tukana. Vuta pumzi, nusa tena.
Niambie, hapo ulipo,
leo nimeoga kwa sabuni gani.